Ile ya Kulia

Wifi yangu hajawahi kushona nguo maishani mwake, lakini mtaa mzima unamwita Mama Uzi. Wageni hudanganyika. Mwaka jana alikuja bwana mmoja na suruali iliyofumuka, ameikunja vizuri kwapani, akauliza ingekuwa tayari lini. Wifi akaitazama suruali, akamtazama mwenyewe, akamwambia, "Baba, mimi nashughulika na magari yaliyokufa. Suruali yako bado ina uhai." Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa.

Kazi yake ni vipuri vya magari ya zamani. Watu wa mbali, wenye magari ambayo viwanda vimeshayasahau, humwandikia: mmoja anataka kitasa, mwingine kioo cha ubavuni, mwingine ufito mmoja tu wa bati linalong'aa, na bila ufito huo hapati usingizi. Wifi huenda kwenye yadi ya magari mabovu, huzunguka mpaka akakipata, hukifungua, hukisugua, hukipanga kwenye sanduku na kukisafirisha. Uzi wenyewe ni mwekundu. Kila kipuri cha upande wa kulia hukifunga uzi huo, cha kushoto hakifungi kitu. Mafundi wengi hugombana na wateja wao hapo hapo, kwa sababu anayesimama mbele ya gari na kulitazama usoni, kulia kwake ni kushoto kwa gari. "Kulia ni kwa aliyekaa, si kwa aliyesimama," wifi husema. Miaka ishirini na sita hajakosea hata mara moja, na hawezi kumaliza siku bila kukukumbusha.

Mimi ni mke wa mdogo wake. Mume wangu ndiye kitindamimba wao, na kazi yake ya ujenzi humweka mbali wiki nzima, kwa hiyo nyumba ni ya wanawake wawili na skrubu zisizo na idadi. Mimi ndiye mwandishi wa hapa: anwani, majina ya vipuri, barua za wateja. Mwandiko wa wifi ni wa kuku, na kuku mwenyewe awe na haraka. Tena mimi sina dogo. Sahani ikiwa imewekwa siyo nitasema, mlango ukiachwa wazi nitasema, na vumbi likiingia sebuleni nitasema mara mbili. Mume wangu atathibitisha.

Sebule yetu ina meza moja kubwa, makopo ya skrubu, vipande vya godoro kuukuu vya kufungia vioo, na usukani ulioning'inizwa ukutani mahali ambapo watu wengine wangeweka kalenda. Taa za nyuma za magari, nyekundu na za rangi ya asali, wifi huzipanga dirishani zikisubiri wenyewe. Jua la saa tisa likizipitia, chumba chote hubadilika rangi. Mikono yetu inakuwa myekundu, chai inakuwa nyekundu, na mimi nikikaa hapo nikichambua skrubu kubwa na ndogo huanza kusinzia macho wazi, nikiwaza barabara ambazo sijawahi kuzipita na watu waliokaa ndani ya magari hayo wakibishana nani kasahau kufunga nyumba. Nimekaa miaka mingi katika mwanga ule. Wakati mwingine sijui skrubu ngapi nimechambua na ngapi nimeziota.

Ujumbe uliingia Jumanne moja, saa kama hizo. Ilikuwa sauti ya msichana kwenye simu, Kiswahili chake kikipiga hatua moja moja kama mtu anayevuka matope. "Shikamoo, shangazi. Mimi ni mtoto wa kaka yako mkubwa. Baba anataka kusema." Halafu kikohozi cha mwanamume, na neno moja: "Mdogo wangu."

Mkono wa wifi ulisimama juu ya kopo.

Hapa inabidi nieleze, maana bila hili hutaelewa kwa nini mimi, mwenye mdomo usio na breki, nilinyamaza kimya. Shemeji yangu huyo nilikuwa sijawahi kumwona. Habari zake nilipewa jikoni nilipoolewa, kwa sauti ya chini. Baba yao alikuwa akisambaza mikate kwa gari lake la mgongo mrefu, lenye mlango nyuma, rangi ya maziwa. Watu waliliita stesheni tu. Alipofariki, kaka mkubwa alikuwa ameshapata kazi nchi za mbali, na kabla matanga hayajapoa akalipakia gari kwenye meli aondoke nalo. Hakumuuliza mtu. "Mimi ndiye mkubwa," alisema. Wifi akamwambia mbele ya watu kwamba ni mwizi ambaye hakungoja hata machozi yakauke. Akaondoka, naye wifi hakwenda kumsindikiza. Tangu siku hiyo hawakuwahi kusalimiana. Walisikia habari za mwenzao kwa watu: huyu kaoa, kapata binti, kafiwa na mke. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, na wote wawili wamerithi shingo ya baba yao, haigeuki. Sasa wamefika sitini, na huu ulikuwa uzi wa kwanza kutupwa kati yao. Nilijua ukikatika hautaungwa tena.

"Nalifufua gari la Baba," sauti ilisema. "Lipo, sikuliuza. Lilikaa bandani. Sasa nimestaafu, nina nafasi. Huku vipuri vyake havipo, lakini nasikia wewe ndiwe unayevipata. Nahitaji mpira wa kuzunguka mlango wa nyuma. Kitasa cha mlango wa nyuma. Taa ya nyuma ya kushoto imevunjika. Na ile ya kulia." Akakohoa tena. "Usisahau ile ya kulia. Tafadhali."

Wifi alinitaka niurudie ujumbe. Nikaurudia mara tatu. Kisha akasimama, akaenda dirishani, akawa anazisogeza taa zilizokuwa zimeshakaa sawa.

"Haya," alisema akiwa amenipa mgongo. "Mteja ni mteja. Andika. Mpira, kitasa, taa ya kushoto, taa ya kulia."

"Humjibu salamu?"

"Andika, wifi."

Wahenga walishasema, ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Nikashika kalamu, nikaandika.

Yadi iko mwisho wa barabara ya viwandani, nyuma ya ukuta wa mabati. Mwenye yadi tunamwita Kutu, na mwenyewe amelizoea jina mpaka amelichora langoni. Ni mtu mrefu, mpole, anayeamini kwamba gari bovu ni maiti na linastahili adabu. Haruhusu mtu kupiga teke tairi mbele yake. "Leo mnamtafuta marehemu gani?" huuliza, na ukimtajia huondoa kofia.

Tulipomtajia stesheni ya mgongo mrefu ya aina ile, alihesabu kwa vidole. "Wapo wawili," alisema. "Mmoja kaungua. Mwingine amelala kule mwisho, sijamgusa tangu aletwe."

Tulipita kati ya safu za magari. Majani yamepanda hadi madirishani, mengine yamechomoza kupitia sakafu na kukaa kwenye viti kama abiria. Jua lilikuwa linarudi kutoka kwenye vioo mia, kila kimoja na kajua kake. Huwa nikiingia yadi ile nasahau nilichokuja kufanya. Nilipita karibu na gari moja dogo la buluu, nikaona kiota chenye makinda juu ya dashibodi, nikajikuta nimesimama namngoja mama yao arudi. Wifi alinivuta kiwiko.

Stesheni ile ilikuwa imeinamia upande mmoja, rangi yake ya kijani imefifia kuwa ya vumbi. Wifi ana desturi yake: kabla hajafungua hata skrubu moja huingia, hukaa kiti cha dereva, huweka mikono kwenye usukani na kutulia. Anasema anatafuta kulia. Mimi nadhani anaomba ruhusa. Siku ile hakwenda mbele. Alifungua mlango wa nyuma, akapanda, akakaa pale panapowekwa mizigo, miguu ameikunja na kidevu kakiweka juu ya magoti. Mwanamke wa miaka sitini, mwenye spana mfukoni.

"Hapa ndipo nilipokuwa nakaa," alisema. "Baba akimaliza kugawa mikate, hapa panabaki harufu tu. Ukilala chali unaona nguzo za umeme zinapita juu yako."

Nikapanda na mimi, ingawa mgongo wangu haukukubaliana na mpango huo. Tulilala chali tukitazama kioo cha nyuma. Hakukuwa na nguzo yoyote, wingu moja tu ambalo halikuwa na safari. Sijui tulikaa muda gani. Kutu alikuja kuchungulia, akatukuta, akaondoa kofia na kurudi alikotoka.

Kisha tukafanya kazi. Mpira wa mlango ulikuwa umekauka lakini haujapasuka. Wifi aliubandua kwa vidole, polepole, shubiri kwa shubiri, akiupaka mafuta kila alipofika. Kitasa kilitoka kizima. Taa zote mbili zilikuwa nzima, na ya kulia akaifunga uzi mwekundu, mafundo mawili. Nyumbani tuliziviringisha kwenye godoro, tukazipanga kwenye sanduku la mbao, nikaandika anwani ya shemeji kwa herufi kubwa. Wifi hakuweka barua. Nilimkazia macho, akajifanya anatafuta nyundo. Sanduku likaenda kwa meli, kama masanduku yetu yote, na meli ni wiki saba.

Katika wiki hizo aliimba akifanya kazi, jambo ambalo si kawaida yake, na haimbi vizuri. Nikasema moyoni, sanduku ndiyo barua. Kumbe nilikuwa nimefurahi mapema.

Jibu lilikuja kwa sauti ya yule binti. "Shangazi, vitu vimefika, vizuri sana, asante. Lakini taa ya kulia tulikuwa nayo nzima. Baba anasema siyo hiyo. Anasema alitaka ile ya kulia. Nikamwonyesha, nikamwambia baba si ndiyo hii ya kulia? Anasema siyo. Mimi sielewi. Anasema wewe unajua." Akavuta pumzi. "Na shangazi, kuna jambo lingine. Baba masikio yake yanaisha. Daktari amesema ni suala la miezi, pengine chini ya hapo. Ndiyo maana anaharakisha hili gari. Samahani kwa kukuambia hivi kwenye simu."

Wifi alibadilika uso. Nilitegemea atalia, badala yake akawaka. "Siyo hiyo? Miaka ishirini na sita nimefunga uzi huu! Mafundi wenye vyeti wananiuliza mimi! Asinifundishe kulia na kushoto!" Akalitupa donge la uzi, likaviringika chini ya kabati na kuacha mstari mwekundu sakafuni.

"Labda kwao wanahesabu kwa aliyesimama," nilisema, nikijaribu kuzima moto.

"Huyo kafundishwa na baba yangu. Kulia ni kwa aliyekaa."

"Sasa anataka ipi?"

"Sijui," alisema, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Siku nne hakugusa spana. Alikaa kwenye kiti chake katika ule mwanga mwekundu, mikono mapajani, akitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Wateja waliandika, nikawajibu mwenyewe kwa uongo mzuri. Nilimsikitikia, na kusema kweli nilimkasirikia shemeji pia. Mtu anaumwa masikio, analeta mafumbo ya taa. Angetaja kitu kwa jina lake, kungekuwa na tatizo gani?

Siku ya tano nilikuwa nahitaji godoro la kufungia kioo cha mteja. Kipande kizuri huwa chini ya kitanda cha wifi, naye alikuwa bafuni. Nilivuta godoro, likaja na kopo la biskuti, lile la bati la mviringo. Nikadhani ni la skrubu. Lilikuwa limefungwa uzi mwekundu.

Ndiyo, nililifungua. Nilishasema mimi ni mtu wa namna gani.

Ndani kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa kulikuwa na honi. Honi ya zamani ya gari, ya chuma, iliyojikunja kama konokono. Nimeishi na vyuma chakavu vya kutosha kujua kwamba kitu cha umri ule kinatakiwa kiwe kimeliwa na kutu. Hiki kilikuwa kinang'aa. Nilipokishika, vidole vyangu vilitoka na mafuta, na mafuta hayo hayakuwa ya zamani.

Nilikwenda kuiweka juu ya meza, katikati ya skrubu, nikakaa kungoja. Wifi alitoka na taulo kichwani. Aliiona kabla hajaniona mimi.

"Hii nini, wifi?" nikauliza, ingawa nilikuwa na macho.

Alivuta kiti, akakaa. Akaigusa ile honi kwa kidole kimoja, akaizungusha kidogo ili mdomo wake uelekee mlangoni.

"Hiyo," alisema, "ndiyo ile ya kulia."

Basi akanieleza, na aliposimulia hakuinua macho. Baba yao alipenda kusema gari lina vitu viwili tu vya maana, cha kutembelea na cha kulia, mengine ni mapambo. Kwa hiyo nyumbani kwao honi haikuitwa honi. Iliitwa ile ya kulia. Jioni mzee akifika kwenye kona aliipiga moja ndefu na mbili fupi, na watoto walitakiwa kukimbia kufungua mlango wa nyumba. Atakayefungua wa kwanza ndiye atakayepanda nyuma, kwenye harufu ya mikate, mpaka gari lizunguke kuingia uani.

"Kaka alikuwa na miguu mirefu," alisema. "Mimi nilikuwa kijiti. Nisingempata hata siku moja. Lakini kila ikilia, yeye alikuwa anabaki amekaa. Anafunga kiatu ambacho hakijafunguka. Mimi nikimaliza kufungua mlango ndiyo anainua kichwa, anasema, 'Imelia? Mimi sijasikia.' Kila siku, wifi. 'Mimi sijasikia.' Nilikuwa mkubwa ndipo nikajua alikuwa anasikia."

Alichukua kile kitambaa, akaipangusa honi.

"Asubuhi gari lilipokuwa linapelekwa bandarini, niliingia chini ya boneti na spana namba kumi na mbili. Sikuwa hata najua spana inazungukia upande gani. Nikaifungua. Nilisema kama anachukua gari la Baba, basi aende nalo bubu." Akatabasamu kidogo. "Ndicho kipuri cha kwanza nilichokifungua katika maisha yangu. Hii kazi yote imeanzia hapo."

"Kwa hiyo uliposikia ule ujumbe..."

"Nilijua kabla hajamaliza kusema."

"Ulijua?"

"Angesema honi, ningelazimika kumjibu. Akasema kulia, tena baada ya kutaja taa. Nikachukua kulia niliyoitaka mimi."

Hapo sikuweza kujizuia, na hata leo sijui kama nilifanya vizuri. "Wifi," nilimwambia, "mtu anataka kusikia sauti ya baba yake mara moja kabla masikio hayajazima. Wiki saba za meli umezila wewe. Wewe, siyo meli."

Aliinamisha kichwa, taulo likaanguka. Akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata mimi niliogopa, nikainuka kwenda kumshika mabega yaliyokuwa na unyevu wa kuoga. Alilia bila sauti, mabega tu yakienda, na mwanga wa taa ukimpita usoni. Alipomaliza alijifuta kwa kile kitambaa cha honi, akabaki na mafuta shavuni, na kwa mara ya kwanza sikusema.

Tulimpelekea Kutu siku hiyo hiyo. Aliikagua honi kwa heshima zote, akasugua pale panapofungwa nyaya kwa msasa laini, akaleta betri na kale kataa kake ka kupimia. Kataa kakawaka. "Umeme unapita," alisema. "Nimpigishe kelele kidogo tujue?"

Wifi huwa hatumi kitu asichokijaribu. Ni sheria yake, imeitangulia hata ile ya uzi. Lakini alimshika Kutu mkono. "Hapana. Isilie hapa. Ikalie kwake."

"Na isipolia?"

"Basi itakuwa imelia kwangu peke yangu miaka yote hii," alisema. Kutu akavua kofia.

Nyumbani aliifunga mwenyewe, godoro juu ya godoro, akaifunga na uzi mwekundu. Nikamwambia honi haina kulia wala kushoto. "Hii inayo," akanijibu. Kwenye ofisi ya mizigo aliweka kasanduku kwenye mizani na kusema kabla hajaulizwa, "Kwa ndege." Karani, kijana mwenye miwani ambaye anatufahamu kwa mbao na meli tu, alishangaa.

"Leo ndege, mama? Ndani kuna nini?"

"Honi."

"Inalia?"

"Haijalia miaka ishirini na sita."

Karani alimtazama kuona kama ni utani. Akaandika: honi moja, kuukuu. Mara hii kulikuwa na barua. Sikuiandika mimi, aliiandika mwenyewe kwa ule mwandiko wake wa kuku, mistari miwili, akaikunja kabla sijaweza kuchungulia, na kuchungulia nilijaribu.

Ndege ni haraka, lakini watu wa ghala si ndege. Kasanduku kalikaa huko siku kumi na tisa kakisubiri mhuri. Wifi alihesabu kila siku. Asubuhi alinitazama nikiwasha simu, na nikitikisa kichwa alirudi kwenye skrubu zake. Alianza kuzungumza usingizini wakati wa kujinyoosha mchana. Alitaja kona, alitaja kiatu. Siku moja aliniuliza ghafla, "Hivi mtu akiwa anapoteza masikio, sauti ya mwisho anaichagua au inamjia tu?" Nilimsogezea chai.

Ilikuwa Jumapili, saa tisa na nusu, simu ilipoita. Mume wangu alikuwa amesafiri tayari. Tulikuwa mezani, skrubu zimetandazwa, kubwa huku, ndogo kule. Nikaweka simu katikati ili tusikie wote.

"Shangazi, mama mdogo, shikamooni," alisema binti. "Tuko kwenye gari. Honi imefungwa leo asubuhi. Gari bado halitembei, lakini betri ipo. Baba amekaa kwenye usukani." Akashusha sauti, ingawa hakukuwa na haja. "Shangazi, tangu wiki iliyopita hasikii. Hata nikipiga kelele. Naandika kwenye karatasi. Alisoma barua yako, ameiweka mfukoni. Nikamwambia labda tusubiri, akasema hapana, akasema wewe unasubiri."

Wifi alifumba macho. Nilimshika mkono juu ya meza, na skrubu ikawa katikati ya viganja vyetu, inatuchoma, hakuna aliyeiondoa. Nilizihesabu zile wiki saba upya na najua na yeye alikuwa anazihesabu.

Upande wa pili mtu alikohoa. Kisha ikalia.

Moja ndefu. Ilianza na mkwaruzo, ikakwama, halafu ikafunguka, nene na pana, ikajaza simu na ikajaza sebule mpaka makopo yakatetemeka, au niliyaona hivyo. Halafu mbili fupi.

Mkono wa wifi ulitoka ndani ya wangu. Sikuona alivyoinuka. Nilimwona ameshafika mlangoni, miguu mitupu, anahangaika na komeo kama mtoto asiyelifikia vizuri, na akalivuta, na mlango ukafunguka mpaka mwisho ukagonga ukuta. Nje barabara ilikuwa tupu na nyeupe kwa jua. Akasimama hapo kizingitini akitazama kona.

Sauti ya shemeji ilitoka kwenye simu, kubwa kupita kiasi, sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe.

"Mdogo wangu! Imelia? Mimi sijasikia."

Nilimtazama wifi. Bega lake lilikuwa limeegemea mwimo wa mlango, na hakugeuka.

"Nimehisi mkononi tu," sauti iliendelea. "Imelia? Mimi sijasikia."

"Shangazi?" binti aliita. "Nimeshika karatasi. Nimwandikie nini?"

"Mwandikie imelia," wifi alisema, bado anatazama kona. "Mwandikie mlango nimeshafungua."

Tulisikia kalamu ikikwaruza. Tulisikia karatasi ikipokelewa. Baada ya hapo tulimsikia mzee mmoja wa mbali akicheka, akicheka kwa nguvu, mpaka kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, na binti akakata simu kwa adabu.

Wifi hakurudi mezani. Mlango ule ulibaki wazi mpaka jua likazama, vumbi lote la barabara likaingia likatua juu ya skrubu tulizokuwa tumezichambua siku nzima, na mimi, nisiye na dogo, sikusema kitu.